Mbao Zenye Madoa ya Bluu: Je, Zimeoza?

Mwaka jana kamati ya wazazi wa nasari yetu ilimpa fundi mmoja wa hapa Kawangware kazi ya kutengeneza madawati kumi na mawili. Tulimlipa nusu ya pesa, akanunua mbao za paini, akakata, akapiga randa, na siku ya kuleta madawati sote tukaenda kuangalia. Kumbe mbao nyingi zilikuwa na mistari ya bluu iliyochanganyika na kijivu, kama mtu amemwaga wino wa shule na mti ukaunywa. Mzazi mmoja akasema, "Hizi zimeoza." Mwingine akasema fundi amenunua makombo ya bei rahisi na pesa iliyobaki ameila. Fundi akaapa kwamba mbao ni nzima. Akapanda juu ya dawati moja akarukaruka mbele yetu, lakini hakuna aliyemsikiliza. Akarudi nayo kwa mkokoteni. Yeye akabaki na madawati yasiyo na mnunuzi, na sisi tukabaki na watoto wanaokaa kwenye mikeka.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwa katika kamati hiyo, na mikono yetu iliinuliwa pamoja na ya wengine. Baadaye tukaanza kusoma na kuuliza juu ya ile rangi ya bluu. Tuliyojifunza yanatuaibisha kidogo, na ndiyo sababu tumeona tuyaandike hapa, maana mbao kama hizo ziko kila mahali, kutoka Gatina mpaka Makina, na ugomvi kama wetu tumesikia unatokea mara nyingi.

RANGI HIYO NI NINI

Rangi hiyo ni kuvu. Kuvu ni jamaa ya ukungu unaoota kwenye mkate uliolala, na ya uyoga unaoota shambani baada ya mvua. Huota kwa nyuzi nyembamba sana kuliko unywele. Nyuzi za kuvu hii hasa si za bluu, ni za kahawia iliyokolea karibu na nyeusi. Lakini zikiwa ndani ya mti mweupe kama paini, jicho linaona bluu, vile vile moshi wa kuni unavyoonekana wa bluu ukitazama mbele ya mahali penye giza.

Sasa hapa ndipo tulipokosea. Kuna kuvu za aina mbili ambazo mtu wa mbao anapaswa kuzitofautisha. Ya kwanza ni ile inayoozesha. Hiyo inakula mti wenyewe, zile kuta ngumu zinazoushikilia, mpaka ubao unakuwa mwepesi na unavunjika kama biskuti. Ya pili ni hii ya bluu. Hii haina nguvu ya kula kuta. Inatafuta sukari na mafuta kidogo yaliyobaki ndani ya mti ulipokatwa, na vyakula hivyo viko katika sehemu ya nje ya gogo, ile nyeupe iliyokuwa ikipandisha maji. Kiini cha katikati mara nyingi inakiacha. Mfikirie mpangaji mmoja anayemaliza chakula chote kabatini na kuacha nyumba imesimama, halafu mwingine anayekula nguzo na mabati. Wote wawili ni hasara, lakini si hasara moja.

Kwa hiyo ubao wenye doa la bluu unabeba mzigo karibu sawa na ubao safi. Kasoro zake ni mbili. Ukipigwa kwa ghafula unavumilia kidogo kuliko ubao safi, basi usiutumie kwa ngazi au mpini wa nyundo. Tena unanyonya maji na vanishi haraka zaidi, kwa hiyo ukiuweka nje bila rangi utaloa upesi, na ubao unaoloa mara kwa mara ndio unaofungulia mlango ile kuvu ya kuozesha. Kwa dawati la ndani ya darasa, au kitanda, au rafu ya duka, hakuna neno.

MDUDU MWENYE MFUKO

Kuvu hii inafikaje ndani ya gogo? Nyingine inabebwa na upepo na matone ya mvua, nyingine inashika kwenye msumeno. Lakini kuvu nyingi za ukoo huu zina gari lao, nalo ni mdudu. Kuna mbawakawa wadogo sana, wengine hawazidi punje ya mchele, ambao maisha yao yote yako chini ya gome la mti. Mti uliokatwa, au uliodhoofika kwa kiangazi, hutoa harufu ya utomvu, na wadudu hawa huisikia kutoka mbali. Wanatoboa gome, wanachimba vijia, wanataga mayai. Na mwilini wamebeba mbegu za kuvu, ambazo ni ndogo kuliko vumbi la unga. Kuna wadudu ambao mbegu zinawanata tu kwenye mgongo kwa sababu ni za utelezi kama asali. Wengine, na hili lilitushangaza sana, wameumbiwa mifuko maalum mwilini kwa kazi ya kubeba kuvu, karibu na mdomo au kifuani.

Kwa nini mdudu amsafirishe kuvu bure? Si bure. Chini ya gome chakula ni hafifu, kama ugali mtupu kila siku. Kuvu inavuta virutubisho kutoka ndani ya mti na kuvileta mahali ambapo watoto wa mdudu wanaweza kuvila. Kuvu inapata usafiri, na mdudu anapata mboga.

Kuna wengine waliofika mbali zaidi. Hao hawali mti kabisa. Wanatoboa mpaka ndani ya mbao, wanapanda kuvu kwenye kuta za vijia vyao, wanapalilia, wanatoa uchafu nje, na wanakula mavuno. Ni wakulima kweli, na walikuwa wakilima mamilioni ya miaka kabla ya mtu wa kwanza kushika jembe. Mashamba yao mengine hata yana magugu na wezi. Huko Marekani kuna mbawakawa wa misonobari ambaye kuvu zake nzuri zinavamiwa na kuvu ya bluu inayoletwa na utitiri wanaompanda mgongoni kama abiria wasiolipa nauli. Kuvu hiyo ikizidi, watoto wa mdudu wanakufa njaa. Mwaka 2008 wanasayansi walieleza kwamba mdudu huyo ana bakteria inayotengeneza dawa ya kuua kuvu mbaya na kuiacha iliyo nzuri. Anapiga dawa shambani, na hajawahi kwenda kwa agroveti!

ALIYEMALIZA MISITU YA CANADA

Hapa kwetu wengi wa wadudu hawa wanapenda mti uliokwisha kukatwa, na madhara yao ni kwa mfuko wa mwenye mbao. Lakini kuna mahali wanaua miti iliyosimama. Mfano mkubwa uko magharibi ya Canada, katika jimbo la British Columbia. Mbawakawa wa misonobari wa milimani ana urefu wa kama nusu sentimita tu. Jike linatoboa mti, na likifaulu linatoa harufu ya kuwaita wenzake, wanakuja kwa maelfu siku chache tu. Mti unajitetea kwa kumwaga utomvu ili uwafukuze au uwazamishe. Ndipo kuvu ya bluu inaposaidia: inavumilia sumu ya utomvu, inapenya katika sehemu nyeupe na kuziba njia za maji. Mti unakauka ukiwa umesimama kando ya mto. Mwaka unaofuata majani yote ni mekundu.

Zamani baridi kali ya huko ilikuwa inawaua watoto wa mdudu huyu kila baada ya miaka michache. Kuanzia miaka ya 1990 majira ya baridi yakawa na joto zaidi, na wadudu wakazaana bila breki. Misitu iliyoguswa katika jimbo hilo ilifika kama hekta milioni 18. Kenya yote ina hekta milioni 58 hivi, basi mtu apige picha karibu theluthi moja ya nchi yetu. Zaidi ya nusu ya misonobari ya biashara ya jimbo hilo ilikufa. Walibaki na milima ya mbao za bluu, na kwa kuwa zilikuwa nzima, wafanyabiashara wao wakazipa jina la nguo ya jinzi na kuuza fanicha zake kwa watu wanaoipenda rangi hiyo. Sisi tulifukuza fundi kwa kitu ambacho wengine wanakitundika sebuleni.

Mdudu huyo wa Canada hayuko Afrika, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini jamaa zake wako karibu kuliko tunavyodhani. Uganda, tangu mwaka 1993 alipoonekana katika wilaya ya Bundibugyo, kuna mbawakawa mdogo mweusi anayetoboa matawi ya kahawa na kupanda kuvu ndani. Tawi linakauka kutoka kwenye tundu kwenda juu, na wakulima wa robusta wamepoteza mavuno mengi kwa ajili yake. Dawa waliyo nayo zaidi ni kukata tawi na kulichoma moto mara moja, maana likiachwa chini mdudu anatoka na kuhamia mti wa pili. Wale wenye kahawa nyumbani wakiona matawi yanakauka namna hiyo, na tundu dogo kama la sindano upande wa chini, wasikae kimya, wawaone watu wa kilimo. Afrika Kusini nako, mwaka 2017 katika mji wa Pietermaritzburg, aligunduliwa mdudu kutoka Asia anayebeba kuvu yake, na baadaye akaonekana kuua miti ya kivuli ya Johannesburg na miji mingine. Moja ya njia zake za kusafiri ni kuni.

PAINI ZETU

Msonobari, au paini kama tunavyoiita wengi wetu, si mti wa asili wa Kenya. Ulipandwa na Idara ya Misitu enzi ya ukoloni kwa sababu unakua haraka kuliko miti yetu ya mbao. Aina moja iliyotoka California ilipendwa sana, lakini katika miaka ya 1960 kuvu ya majani iliishambulia mpaka upandaji wake ukaachwa, na nafasi yake ikachukuliwa zaidi na aina ya Mexico, ambayo ndiyo paini mnayoiona hapa kwenye yadi. Mwaka 1968 wakaingia wadudu wadogo weupe kama pamba wa kufyonza misonobari. Mwaka 1990 ikawa zamu ya saipresi, nayo ikavamiwa na wadudu wake wa kufyonza, na wengi wetu tunakumbuka zile nyua za miti zilivyokauka zikawa za kahawia Nairobi nzima. Utafiti wa mambo haya unafanywa na KEFRI kule Muguga, si mbali na sisi, ng'ambo ya Kikuyu tu.

Halafu Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Zuio lilikuwa la siku 90, likaongezwa na kuongezwa, na ni Julai 2023 rais alipotangaza kuliondoa, ingawa jambo lenyewe likafika kortini baadaye. Katika miaka hiyo mafundi wetu waliona bei ikipanda, na mbao nyingi zikawa zinatoka Tanzania, hasa nyanda za Iringa na Njombe, ambako kuna msitu mkubwa wa kupandwa wa Sao Hill. Ni mbao nzuri. Lakini hebu fikiria safari. Gogo linakaa msituni likisubiri kupasuliwa, na hapo mdudu anapata nafasi yake. Mbao zinapakiwa zikiwa mbichi, zimebanana, zimefunikwa turubai, safari ya kama kilomita elfu moja mpaka Nairobi. Zinateremshwa yadi na kupangwa zikiwa bado zimebanana. Kuvu inataka vitu vitatu: unyevu, joto, na hewa kidogo. Zote tumeipa. Katika hali ya joto inaweza kuonekana baada ya siku chache tu. Fundi wetu wala mwenye yadi hawakuiweka.

Kwingine wanajua hesabu hii. Sweden, baada ya dhoruba ya Januari 2005 kuangusha misitu, waliweka magogo mengi chini ya vinyunyizio vya maji usiku na mchana, kwa sababu mti uliojaa maji kabisa hauna hewa na kuvu haioti. Sisi maji ya kunywa yenyewe tunanunua kwa mtungi, basi njia yetu ni ile nyingine, kukausha.

JINSI YA KUPIMA UBAO

Chukua kisu au bisibisi, uchome pembeni ya doa na uinue kidogo. Ubao mzima unatoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Ubao uliooza unakatika vipande vifupi, au kisu kinazama kama kwenye sabuni. Sugua kwa kitambaa: ukungu wa juu, ule wa kijani au mweusi kama masizi, unafutika, lakini doa la bluu halifutiki kwa sababu limeingia ndani. Ukitazama kichwa cha gogo lililokatwa, bluu inaonekana kama vipande vya chapati vilivyokatwa kutoka nje kwenda katikati.

Matundu nayo yana lugha yake. Tundu dogo la duara, limezungukwa na weusi, bila unga wowote: huyo ni mdudu mkulima tuliyemtaja. Aliingia mti ukiwa mbichi, na ukishakauka shamba lake limekufa naye ameondoka. Hatarudi, wala hatahamia kabati lako. Lakini ukiona unga laini kama wa mahindi ukianguka chini ya kiti kila asubuhi, huyo ni mdudu mwingine kabisa, anayekula mbao kavu, na anaweza kuendelea miaka. Ubao wa namna hiyo usiununue, na ukiwa nao, utenge. Mchwa nao tunawajua, hawana haja ya maelezo.

Kwa upande wa fundi, akinunua mbao mbichi asizilaze chini zikiwa zimebanana. Aziinue kwenye mawe, apange safu moja, aweke vijiti vya unene mmoja, safu nyingine juu yake, vijiti vikilingana juu kwa chini ili ubao usipinde, na mabati juu kuzuia mvua na jua kali. Maji ndani ya ubao yakishuka chini ya sehemu moja kwa tano ya uzito wa mti mkavu, kuvu haiwezi tena. Kujua hilo si lazima mashine. Kata kipande, kipime kwa mizani ya muuza nyama, kirudishe kwenye safu, ukipime tena baada ya siku tatu, nne. Uzito ukiacha kushuka, mbao zimekauka kiasi cha hewa ya Nairobi. Ndiyo, wiki kadhaa za kusubiri ni pesa iliyolala, na fundi wa jua kali anayekula kwa kazi ya leo hawezi kusubiri peke yake. Mafundi wanne wakichanga wanaweza kuwa na safu moja inayokauka wakati wanatumia nyingine. Oili chafu ya gari isipakwe kwenye kitanda au dawati: haifikii kuvu iliyo ndani, na watoto wanalala na kuandika juu yake. Na mkipiga msasa mbao hizi mfunge kitambaa puani, maana vumbi lake si zuri kwa mwenye pumu.

Wanaojenga kwa mabanzi, yale magamba ya nje ya gogo, wabandue gome kwanza. Wadudu wanakaa chini yake, na gome linashika maji ya mvua.

NENO JUU YA PALETI NA KUNI

Kwa sababu ya wadudu hawa hawa, mwaka 2002 nchi za dunia zilikubaliana kwamba mbao zote za kufungia mizigo ziuliwe wadudu kabla ya kuvuka mpaka. Hapa Kenya jambo hilo linasimamiwa na KEPHIS. Paleti zinazotoka Eneo la Viwanda, ambazo mafundi wengi wanazigeuza kuwa viti na vitanda, zina muhuri wa picha ya suke la ngano. Tafuta herufi. HT maana yake mti umechomwa kwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, hiyo ni salama. MB maana yake umefukizwa kwa gesi ya sumu. Paleti ya MB sisi hatungeilaza mtoto juu yake, wala kupikia.

Na juu ya kupikia: kipande chenye bluu kikavu ni kuni kama kuni nyingine. Lakini mbao yenye rangi ya kijani iliyofifia, hasa vipande vya nguzo za umeme au za ua, imetiwa dawa, na nyingine ina sumu ya aseniki ndani. Moshi wake na majivu yake ni hatari, na majivu hayo yasitumike kusugulia sufuria wala kumwagwa kwenye sukuma. Bluu na kijani zinachanganya watu, kwa hiyo ukishindwa kuzitofautisha usiwashe.

Tulimtafuta yule fundi mwezi wa tatu. Madawati tisa alikuwa ameshayauza kwa shule nyingine, kwa bei ya chini. Matatu yalikuwa bado kwenye banda lake, yamepakwa vanishi, na bluu imetulia ndani kama mawingu. Tulimwomba radhi, tukalipa matatu yale kwa bei ya kwanza, na tukaomba atengeneze mengine tisa. Akasema sawa, lakini safari hii anataka pesa yote mbele. Tukampa.